Barua kwa Mwanangu: Mji Unaokusubiri

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na bibi yako na jamaa wote hapo Tanga. Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Uliniuliza kwenye simu kwa nini mimi na baba yako tumekaa Nhill, mji wa watu wapatao elfu mbili huku Australia, ilhali Watanzania wenzetu wengi wako Melbourne, nami nilikujibu kwa kifupi kwa kuwa zamu yangu kwenye nyumba ya wazee ilikuwa inakaribia. Swali lako linastahili jibu refu, kwa sababu ukimaliza mtihani wa kidato cha nne utakuja kuishi hapa nasi, na ningependa uujue mji huu kabla hujaufikia.

Nhill iko katika nyanda za Wimmera, magharibi mwa jimbo la Victoria, karibu katikati ya barabara kuu itokayo Melbourne hadi Adelaide. Kutoka Melbourne ni kama kilomita 370. Nchi yenyewe ni tambarare. Mashamba ya ngano, shayiri na dengu yanakwenda mpaka macho yanapoishia, na kitu cha kwanza utakachokiona kwa mbali ni maghala marefu ya nafaka yaliyo kando ya reli.

Wenyeji wa asili wa nchi hii ni watu wa Wotjobaluk na jamaa zao, waliokuwapo maelfu ya miaka kabla wafugaji wa Kizungu hawajaingia na kondoo wao katika miaka ya 1840. Kuna kisa kimoja ambacho watoto wa Wimmera husimuliwa shuleni, nacho nataka ukijue. Mwaka 1864 watoto watatu wa familia ya Duff, Isaac, Jane na mdogo wao Frank, walikwenda porini kukata matawi ya kutengenezea fagio, wakapotea. Wazungu waliwatafuta kwa siku nyingi, mvua ikanyesha na kufuta nyayo, wengi wakakata tamaa. Ndipo walipoitwa watu watatu wenyeji, mmoja wao akijulikana kwa jina la Dick-a-Dick, ambao walisoma majani yaliyokanyagwa na vijiti vilivyovunjika hadi wakawafikia watoto siku ya tisa, wakiwa hai. Jane alikuwa amevua gauni lake ili amfunike mdogo wake usiku. Miaka minne baadaye Dick-a-Dick alisafiri na timu ya kriketi ya wenyeji wa asili iliyocheza Uingereza, ambayo ndiyo timu ya kwanza kutoka Australia kufanya ziara huko. Nikifikiri kwamba watu wenye elimu kama hiyo walinyang'anywa ardhi, na wengi wao wakakusanywa katika misheni ya Ebenezer, iliyoanzishwa mwaka 1859 na wamisionari wa Kimoravia na kufungwa mwaka 1904, moyo wangu huumia. Mwaka 2005 Mahakama ya Shirikisho ilitambua haki yao ya asili ya ardhi katika sehemu ya nchi hii, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo hilo kutokea katika jimbo la Victoria. Ukija, uwaheshimu kama unavyowaheshimu wazee wenye mji hapo kwetu.

Wakulima walifika kwa wingi kuanzia miaka ya 1870, sheria za koloni zilipowaruhusu watu wa kawaida kuchagua mashamba katika ardhi iliyokuwa imeshikwa na wafugaji wakubwa. Walikuwamo Wajerumani wa Kilutheri waliotoka Australia Kusini. Mwaka 1887 reli ya Melbourne iliungana na ile ya Adelaide, na ngano ikapata njia ya kwenda bandarini. Katika bustani ya mjini utaona sanamu ya shaba ya farasi wa kukokota, kumbukumbu ya wanyama waliolima ardhi hii kabla ya trekta. Mimi naipenda sanamu hiyo, kwa sababu ni miji michache inayokumbuka aliyefanya kazi bila kusema neno.

Trekta ndizo zilizoupunguza mji. Mkulima mmoja mwenye mashine kubwa alianza kulima eneo lililokuwa likilisha familia kadhaa, vijana wakaenda mijini, madarasa yakapungua watoto. Kufikia mwaka 2009 kiwanda cha bata cha Luv-a-Duck, mwajiri mkubwa hapa, kilikuwa kinataka kupanuka lakini hakikupata wafanyakazi. Meneja wake wa wakati huo, John Millington, na mkewe Margaret walishirikiana na AMES, shirika linalowasaidia wakimbizi na wahamiaji, kuwaalika Wakaren, wakimbizi kutoka Burma ambao wengi wao walikuwa wameishi miaka mingi katika kambi za mpakani mwa Thailand. Wanandoa hao hawakungoja wageni wafike ndipo waanze kuhangaika. Walizungumza kwanza na wenyeji, wakawaeleza wanaokuja ni watu gani na wamepitia mambo gani, na familia za kwanza zikaletwa kuuona mji kabla ya kuamua. Ripoti ya mwaka 2015 ya AMES na kampuni ya wachumi ya Deloitte Access Economics ilikadiria kwamba ujio huo uliongeza ajira zipatazo 70 na dola za Australia milioni 41.5 katika uchumi wa eneo hili kwa miaka mitano. Takwimu hizo ni nzuri, lakini mimi hufurahi zaidi ninapoona bustani ya jamii, ambamo akina mama wa Kikaren hulima mboga za kwao, na jirani Mwaustralia akisimama uani kuuliza zinapikwaje.

Sasa nikuambie jambo ambalo hasa limetuweka hapa. Katika mji mdogo kama huu hakuna nafasi ya mtazamaji. Jumamosi za majira ya baridi mji mzima huwa uwanjani: wanaume na wavulana hucheza kandanda ya Kiaustralia, ambayo mpira wake huchezwa kwa mikono na miguu, wasichana na akina mama hucheza mpira wa pete, na asiyecheza huuza chai, huandika magoli au hufua jezi. Zimamoto wa hapa nao ni watu wa kujitolea chini ya Country Fire Authority, shirika la zimamoto la jimbo. Anayekuja na bomba la maji ndiye yule yule uliyemwona asubuhi akiuza vipuri. Wakati wa mavuno, Novemba na Desemba, malori hupanga foleni kwenye maghala, lakini siku ya joto kali na upepo wakulima husimamisha mashine zao, kwa kuwa cheche moja yaweza kuteketeza shamba la jirani, na wengi huweka pikapu yenye tangi la maji kando ya shamba.

Baba yako sasa anafanya mazoezi na zimamoto hao, nami huoka keki za maonyesho ya kilimo ya Oktoba. Wewe pia utaulizwa unajua kufanya nini, na hawatakuuliza kwa udadisi, bali kwa sababu pengo lipo na wanataka kujua kama unaweza kuliziba.

Kwa hiyo fanya mambo mawili kabla ya safari. Nitumie nakala ya ripoti zako za shule, maana shule ya hapa inataka kujua ikuweke darasa gani. Pia endelea na mazoezi ya mpira wa pete, kwa sababu nimekwisha kutaja jina lako kwa mwalimu wa timu ya wasichana, na msimu huanza Aprili. Sweta usinunue huko. Nitakununulia hapa zilizo nzito.

Msalimie sana bibi yako.

Akupendaye,
Mama yako