Barua ya wazi kwa vijana wa isimu wanaoelekea Kaukazi

Wanangu,

Nimesikia kwamba baadhi yenu, baada ya shahada ya kwanza, mnataka kwenda kuziandika lugha ndogo za Kaukazi, eneo la milima kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, na kwamba wapo wanaowacheka kwa kuwa hata kwetu lugha zinafifia. Mimi siwacheki. Ninachowaomba ni kwamba aendaye akubali kukaa na lugha moja kwa miaka mingi, asiende kuokota maajabu.

Maajabu, kusema kweli, yapo tele. Kiarchi husemwa na watu zaidi kidogo ya 1,000 katika kijiji cha Archib na vitongoji vyake, milimani Dagestan, jimbo la kusini mwa Urusi, na Aleksandr Kibrik wa Chuo Kikuu cha Moscow alikokotoa kwamba kitenzi chake kimoja chaweza kuzaa maumbo zaidi ya milioni 1.5. Hesabu hiyo hupenda kunukuliwa na watu ambao hawajafungua sarufi yenyewe. Mimi hunivutia zaidi sentensi ya kawaida kabisa, kama vile mtu kusema kwamba mama alimtengenezea mkate mapema. Sisi tuliokulia kwenye ngeli tungetarajia kitenzi kimfuate mama. Katika Kiarchi kinafuata mkate, na si kitenzi peke yake, bali hata kiwakilishi cha aliyetengenezewa na neno la “mapema” hubeba alama ya ngeli ya mkate. Jambo la namna hiyo halinaswi na orodha ya maneno iliyojazwa kwa wiki moja. Humfikia yule aliyerekodi masimulizi, akayaandika neno kwa neno akiwa na msemaji ubavuni, kisha akarudi kuuliza upya. Kibrik alianza kupeleka wanafunzi Dagestan mwaka 1967. Maelezo ya Kiarchi, pamoja na matini na kamusi, yalitoka mwaka 1977. Miongoni mwa waandishi wake alikuwemo Dzhalil Samedov, Mwarchi mwenyewe, na ningependa nanyi muwape wasemaji nafasi hiyo ya uandishi badala ya kuwashukuru kwenye dibaji tu.

Kiubykh, lugha ya Kaukazi iliyokwisha kufa, kinawahusu zaidi wale mnaodhani muda upo. Waubykh wenyewe walihamishwa mwaka 1864 kutoka pwani ya Bahari Nyeusi hadi nchi ya Waturuki. Mwanaisimu Mfaransa Georges Dumézil alichapisha kitabu juu ya lugha hiyo mwaka 1931, na baadaye akafanya kazi kwa miaka mingi na Tevfik Esenç, aliyelelewa na babu na bibi waliokisema. Esenç alipofariki mwaka 1992, hakubaki mtu wa kumuuliza, na kila pengo kwenye madaftari likabaki pengo.

Kuhusu ajira sitawadanganya: nafasi ni chache na ruzuku hukatika katikati ya kazi. Tafuteni kitu cha kufundisha huku mkiandika.

Anayeelekea Dagestan aanze Kirusi sasa hivi, maana ndicho atakachoulizia maswali yake ya mwanzo, kisha ajifunze Kiavari, ambacho vijiji vingi vya huko hutumia na majirani. Anayewataka Wasvan, watu wa milima ya Georgia, ajifunze Kigeorgia. Barua za kuomba kupokelewa ziandikwe kwa lugha hizo, na mniletee nizisome kabla hamjazituma.

Mwalimu wenu mstaafu