Ukinzani wa ile balbu yako

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata, huku wote wazima. Bibi yako anauliza kama lile shuka linatosha kwa baridi ya huko. Mjibu mwenyewe, mimi naenda kwenye swali lako.

Unasema balbu ya wati 60, zile za zamani zenye uzi ndani, ukipiga hesabu ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia mkondo wa umeme, unatoka omu 882, lakini mita ya maabara ikasoma omu 65 tu, na mwenzako akasema mita mbovu. Mita nzima, baba, na hesabu yako iko sawa.

Turudie. Nguvu ni volti mara ampea. Umeme wetu ni volti 230, basi 60 gawa kwa 230 ni ampea 0.26. Ukinzani ni volti gawa kwa ampea, ndiyo hiyo 882. (Ukikata tarakimu mapema utapata 885, na msahihishaji mkali hatakuonea huruma.) Ila hiyo 882 ni ya balbu inayowaka, na wewe uliipima ikiwa baridi mezani. Uzi wake ni wa metali iitwayo tangsteni. Ukiwaka unafika nyuzijoto 2,500 hivi za Selsiasi, na kwa joto hilo ukinzani umeshapanda mara kumi na zaidi. Sasa gawa 230 kwa 65: ampea 3.5! Mkondo huo unapita kufumba na kufumbua pale unapowasha, ndiyo maana balbu hizo hupenda kuungua mtu anapobonyeza swichi.

Georg Ohm, aliyeitoa kanuni hii ya volti, ampea na omu mwaka 1827, alikuwa mwalimu wa shule kule Cologne, Ujerumani. Betri za wakati wake ziliyumba, akazikimbia. Akaunganisha shaba na bismathi, kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu, na tofauti hiyo ya joto ikampa chanzo cha umeme kilichotulia. Kanuni yake inataka joto la waya lisibadilike; walimu wengi hulitaja hilo mbiombio.

Kazini kwangu hesabu hizi nazitumia zaidi kwenye soketi. Jagi la umeme la wati 2,000 huvuta ampea 8.7. Skrubu ikilegea, pale waya unapogusana na shaba panazaliwa ukinzani, tuseme nusu omu. Nguvu inayogeuka joto hapo ni ampea mara ampea mara omu. Zidisha 8.7 kwa 8.7, kisha kwa nusu: wati 38, zote zimebanana mahali padogo kama punje ya mahindi. Plastiki inageuka kahawia, halafu inaanza kunuka. Breka haishtuki kabisa, kwa sababu ampea hazijazidi. Hapo ndipo watu wanapoungua wakidhani wako salama. Mteja ananiambia, "Fundi mama, badilisha breka." Mimi natoa bisibisi nikaze skrubu, na soketi ikiwa imeshaungua naitupa.

Ukija likizo tutapima hita ya kuchemshia maji ya ndoo. Imeandikwa wati 1,000, kokotoa omu zake kabla hujafika. Tutaipima ikiwa baridi, kisha maji yakishachemka na plagi imechomolewa. Usije ukapima omu kwenye kitu chenye umeme, utaua mita na pengine mwenyewe. Uzi wa hita ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromi, si tangsteni, kwa hiyo niambie mapema unatarajia tofauti kubwa au ndogo.

Mama yako