Ndovu hawajatoka hatarini

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari ya ndovu ya wiki jana imenishinda kuvumilia. Mliandika kwamba ndovu wameongezeka nchini, "na hivyo wametoka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini." Kuongezeka, kweli wameongezeka. Kutoka kwenye orodha, hawajatoka.

Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilipata ndovu 36,280 Kenya. Machi mwaka huohuo, Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, inayopanga wanyama kwa madaraja ya hatari, ilimpandisha ndovu wa savana hadi daraja la Hatarini. Mambo haya mawili hayapingani. Sensa yetu huishia mpakani; Orodha Nyekundu humpima mnyama kokote anakoishi, tena kwa urefu wa vizazi vitatu, au miaka 10 kama vizazi vyake ni vifupi. Kizazi cha ndovu ni kama miaka 25. Ndani ya miaka 50 ndovu wa savana walipungua kwa angalau asilimia 60 barani. Sasa, mnyama aliyepungua kwa asilimia 30 anaingia Hali Tete, asilimia 50 anaingia Hatarini, asilimia 80 Hatarini Mno. Na hata wakianza kuongezeka kila mahali kuanzia kesho, lazima ipite miaka mitano bila kutimiza vigezo vya daraja lao ndipo washushwe. Kupandishwa ndiko hakusubiri.

Kinachonikera zaidi ni hayo maneno "hatarini kutoweka" mnayombandika kila mnyama. Jirani yangu alinionyesha daftari la mwanawe wa gredi ya sita, kazi aliyonakili kutoka gazetini kwenu. Safu moja, kichwa kimepigiwa mstari mwekundu kwa rula, na chini yake hirola (aina ya swala), simba, twiga, tumbusi, fisi na kifaru, wote sawa, na tiki ya mwalimu pembeni. Fisi madoa hakupaswa kuwemo kabisa. Yuko daraja la chini kabisa la hatari. Simba ni Hali Tete. Hirola ni Hatarini Mno. Twiga kwa ujumla aliwekwa Hali Tete mwaka 2016, lakini twiga wa Kimasai, huyu mnayemwona kwenye mbuga hapa Nairobi, alitathminiwa peke yake mwaka 2019 akawekwa Hatarini, kwa kuwa karibu nusu yao wamepotea. Na "kifaru" ni yupi? Mweusi yuko Hatarini Mno. Mweupe kama spishi yuko Karibu na Hatari, ilhali nususpishi yake ya kaskazini imebakiwa na majike wawili tu, Najin na Fatu, pale hifadhi ya Ol Pejeta, tangu Sudan, dume lao la mwisho, alipokufa Machi 2018. Neno moja limefunika hali tatu.

Tumbusi ndio wanaoniuma. Mwaka 2015 spishi kadhaa za tumbusi wa Afrika zilipandishwa hadi Hatarini Mno, wakiwemo mgongo-mweupe na wa Rüppell, ambao hadi leo utawaona Mara. Wasomaji wenu huuliza, mbona bado wako wengi? Kwa sababu kigezo kilichowapandisha hupima kasi ya kupungua, wala hakiulizi leo wamebaki wangapi. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba hupaka mzoga dawa ya wadudu. Simba huenda asirudi, lakini tumbusi mmoja akishuka, wenzake wanaomwona kutoka mbali wanamfuata, na kufikia jioni wamelala kwa makumi kuuzunguka mzoga uleule, wengine nyama ikiwa bado mdomoni. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Hasara ya siku moja hiyo hairudi hata kwa miaka mitano. Habari ya namna hiyo ninyi mliipa aya mbili ukurasa wa ndani, mkaweka picha ya korongo marabu, mkaandika chini yake "tai"! Marabu ni wale wanaojazana juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo wakila taka zetu, na wako daraja la chini kabisa. Tai ni ndege mwingine, mwindaji. Wala si mara ya kwanza. Mwaka huuhuu mmeweka chui kwenye habari ya duma. Duma ana mchirizi mweusi kama wa chozi kutoka kona ya jicho hadi mdomoni, na madoa yake ni duara lililojaa. Ya chui yamejipanga kama petali za ua. Mtu akitazama picha sekunde tano hakosei.

Halafu kuna idadi. Sensa ya 2021 ilihesabu hirola 497, ndama wakiwemo. Vigezo havihesabu ndama. Huhesabu waliokomaa wanaoweza kuzaa. Mstari wa Hatarini Mno ni waliokomaa chini ya 250 wanaoendelea kupungua, au chini ya 50 hata kama hawapungui. Kwa hiyo msichukue jumla ya sensa mkailinganisha na mstari huo.

Ombi langu: tengenezeni kadi ya inchi sita kwa nne, ibandikwe kwenye kila meza ya wahariri wasaidizi. Iwe na madaraja yote tisa kwa Kiswahili, na chini yake maswali matatu ya kujibiwa kabla ya aya ya tatu ya habari: ni spishi au nususpishi gani, iko daraja lipi, na tathmini ni ya mwaka gani, maana ikipita miaka 10 huhesabiwa imepitwa na wakati. Mkitaka kuwataja Hali Tete, Hatarini na Hatarini Mno kwa pamoja, andikeni "wanaotishiwa". Kadi niko tayari kuiandika na kuileta mwenyewe. Sahihisho la ndovu liwekeni ukurasa wa kwanza, palepale kosa lilipokuwa.

Mtathmini wa wanyamapori,
Lang'ata, Nairobi