Watoto wa visiwani wafundishwe kuogelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari za mabaraza ya miji ya Uingereza yanayopendekeza kufunga mabwawa ya kuogelea ya umma kwa sababu ya gharama. Huko England mtoto anatakiwa amalize skuli ya msingi akiweza kuogelea mita 25, ndiyo maana wazazi wanapiga kelele. Sisi wa Zanzibar tuliozungukwa na bahari, mabwawa tunayoyaona ni ya mahoteli.

Nenda Forodhani maji yakijaa. Wavulana wanakimbia na kujitupa baharini kutoka ukutani, hakuna aliyewafundisha. Wasichana wamekaa pembeni wanatazama. Ndio hao hao wanaopanda boti kwenda Pemba. Tulizika wengi baada ya kuzama kwa meli za MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, lakini mtoto asiyejua hata kuelea hana pa kuanzia.

Naiomba Wizara ya Elimu ishirikiane na mabaraza ya manispaa na miji kutenga fukwe salama za mafunzo, wasichana wapewe waalimu wa kike na mavazi ya stara. Mahoteli nayo yaombwe kuzipa skuli za jirani saa chache kila wiki.

Mzazi,
Michenzani, Unguja