Miguu isiyotulia usiku haitibiwi na diclofenac, pimeni akiba ya chuma

Mhariri naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee miguu. Nauza duka la dawa hapa Chang'ombe Dodoma na watu hawaishi kuja, wengi kina mama watu wazima ila hata vijana wapo, mtu anakwambia nipe diclofenac na kitu cha kunilaza maana miguu hainiachi nilale. Ukimuuliza inauma wapi anashindwa hata kukuonyesha, anasema haiumi hasa, ni kama wadudu wanatembea ndani ya mfupa, akijilaza tu inaanza, akiamka akazunguka uani inatulia, akirudi kitandani inaanza upya, na asubuhi yuko mzima. Basi la Dar kwake ni mateso maana hawezi kukaa kwenye siti masaa yote yale.

Jamani hiyo sio baridi yabisi na sio kurogwa kama wengine wanavyoambiwa. Ni ugonjwa unaojulikana zamani, daktari Mwingereza Thomas Willis aliuandika 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden akaueleza kwa kirefu 1945. Ni ugonjwa wa miguu kutotulia, kwenye familia nyingine unarithiwa kabisa, na kwa wengi chanzo kinahusiana na ubongo kupungukiwa madini ya chuma.

Kinachoniuma mimi ni dawa watu wanazojinunulia. Diclofenac haigusi tatizo hili, halafu ukiizoea inachimba tumbo, na kidonda cha tumbo kikivuja damu ndo chuma kinazidi kuondoka. Piriton na Phenergan, dawa za mzio zinazoleta usingizi, ndo mbaya zaidi, mtu anameza alale, kweli usingizi unakuja lakini miguu inachachamaa, kesho anaongeza kidonge kingine. Metoklopramaidi ya kichefuchefu nayo inachochea. Hata amitriptilini, ambayo wengi wanaandikiwa kwa kudhaniwa ni mishipa ya fahamu, inaweza kuzidisha. Ila kama unatumia dawa za akili au za sonona usiache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia umweleze habari ya miguu aamue yeye.

Sasa cha kufanya kwanza ni kupima feritini, kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Watu wanapimwa wingi wa damu, majibu yanakuja mazuri, wanaambiwa huna shida nenda nyumbani, wakati akiba ya chuma mwilini imekwisha na kipimo kile hakionyeshi hilo, ndo maana nasema mtaje kabisa jina, feritini. Pimeni mkiwa hamna homa wala maambukizi maana hapo inapanda kwa uongo. Kwa mtu mzima mwenye tatizo hili feritini ikiwa 75 (nanogramu kwa mililita) kushuka chini kwa kawaida anaanzishiwa vidonge vya chuma, hata kama maabara wameandika iko sawa. Meza mara moja kwa siku au siku moja moja ukiruka kama ulivyoelekezwa, ukinywe na juisi ya ubuyu (huku kwetu ubuyu upo kila kona) au ya machungwa, chai weka mbali kwa sababu inazuia chuma kuingia. Usitegemee wiki moja, ni miezi. Na daktari atafute chuma kinapotelea wapi, inaweza kuwa hedhi nzito, kidonda cha tumbo, minyoo ya safura, kichocho. Vidonge tumbo likivikataa au visipofanya kazi ipo dripu ya chuma, waulize hospitali kubwa. Ila usimeze chuma miaka na miaka bila kipimo, kikizidi kinaharibu ini.

Chuma kikiwa sawa na miguu bado inasumbua ndo daktari anaingia kwenye gabapentini au pregabalini. Zinasaidia wengi, shida yake kizunguzungu na usingizi, wenye figo mbovu wanapunguziwa dozi. Zipo pia pramipeksoli na ropiniroli, hizo mwanzoni mtu anafurahi sana, baada ya muda miguu inaanza kusumbua saa kumi jioni badala ya usiku, inahamia hadi mikononi, na wengine wanashikwa na tamaa ya kubeti wasiyoweza kuizuia. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani uliotoka 2025 umeshauri zisiwe dawa za kawaida za ugonjwa huu. Kama unazitumia tayari usizikate ghafla, zinapunguzwa taratibu na daktari.

Kahawa na pombe za jioni punguzeni, muone. Kukanda miguu, maji ya moto, kunyoosha misuli kabla ya kulala, vinatuliza kiasi.

Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu wanapata sana shida hii na wengi hawaisemi. Na wajawazito, hasa miezi mitatu ya mwisho, wanahangaika usiku kucha wanaambiwa ndo mimba hiyo vumilia. Kwa wengi inaisha wakishajifungua, lakini chuma chao kiangaliwe sasa hivi, na wasipewe hizo gabapentini dukani. Wauguzi wa kliniki naombeni mkishampima mama presha na uzito mumuulize na hili: usiku miguu inatulia?

Muuza duka la dawa,
Chang'ombe, Dodoma