Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, itifaki ikiwa imezingatiwa,

Kwa niaba ya wazazi, walimu na wanafunzi tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo hatutakuchosha.

Shule yetu ilianza na darasa moja la kuazima. Leo tuna madarasa yetu wenyewe, vyoo vyenye milango, na maktaba ya kisasa iliyomo kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu. Kitaaluma tunazidi kung'ara: safari hii hatukushika mkia. Kombe la mpira wa pete lile pale mezani. Historia iliyobaki imo kwenye nakala yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ombi moja tu, nalo ni bweni.

Watoto hawa wana mwalimu yuleyule, ubao uleule na mtihani uleule. Ila mmoja anaishi ng'ambo ya barabara, na mwenzake ng'ambo ya mto. Wa karibu hufika kwao jua lingali juu, akafungua daftari. Wa mbali hufika giza limeshaingia. Asubuhi anaingia kipindi cha pili, viatu mkononi, sketi imelowa hadi magotini. Mvua zikikaza haji kabisa, na kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro. Kamati imelipitia daftari hilo ukurasa kwa ukurasa, na karibu watoro wote wanatoka upande mmoja wa mto. Huo ni utoro wa aina gani, Mheshimiwa?

Si sisi tu tunaoyaona haya. Kati ya mwaka 1994 na 1998, Marekani iliandikisha familia zipatazo 4,600 za mitaa maskini katika miji mitano, ikiwemo Boston na Chicago. Kwa bahati nasibu, baadhi zikapewa vocha za kupanga nyumba kwenye mitaa isiyo na umaskini mkubwa. Mwaka 2015 wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walitoa matokeo: watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 waliingia vyuoni kwa wingi zaidi, na ukubwani kipato chao kiliwazidi wenzao wasiopata vocha kwa takriban asilimia 31. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo.

Hatukuombi uzihamishe familia. Tunaomba vitanda karibu na darasa. Ila huo umri wa miaka 13 tunaomba ukae nao moyoni, kwa sababu bweni hili limeshaahidiwa, na waliokuwa wadogo siku ya ahadi ya kwanza wamekwishamaliza shule.

Mgeni rasmi wa kwanza aliweka jiwe la msingi, nasi tulimpigia vigelegele. Wa pili aliahidi mabati na kutuagiza tufuatilie ofisini kwake. Tulifuatilia mpaka mlinzi akatuzoea. Wa tatu alisema suala hili analibeba yeye mwenyewe, na bila shaka bado amelibeba. Hatulaumu mtu, kila kiongozi ana majukumu yake. Msingi wenyewe uko mkono wako wa kulia, nyuma ya turubai. Majani tumeyafyeka jana kwa heshima yako.

Wazazi wameshafyatua matofali, wamekusanya mchanga na mawe, na mafundi wa kujitolea wapo. Kinachotushinda ni saruji, nondo, mabati na vitanda vyenyewe. Mchanganuo umeambatishwa. Ukiona huwezi vyote, tutajie unachokiweza na lini, hata kama ni saruji peke yake. Tutashukuru kuliko kuahidiwa jengo zima.

Tumeandaa nakala mbili za risala hii. Moja ni yako. Ya pili itabaki shuleni, na chini yake tumeacha nafasi ya ahadi, tarehe na saini. Kalamu anayo katibu.

Naomba kuwasilisha.