Mtuulize kabla ya kuigiza moto wetu

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa msichana na sijawahi kukuandikia, hata mwaka ule mliandika jina la soko letu vibaya nilinyamaza tu. Lakini ile stori yenu ya wiki jana ya kusifu kile kipindi cha mapolisi cha Jumapili usiku, ile episodi ya bweni kuungua, imeninyima usingizi siku tatu sasa. Mwandishi wenu anasema imeigizwa vizuri mpaka mtu anahisi moshi. Kuna wengine wetu moshi tunaujua, hatuhitaji kuonjeshwa.

Kijana wangu alikuwa kidato cha pili bweni lao liliposhika moto. Shule siitaji. Mungu alimtoa, lakini mikono yote miwili iliungua kwa sababu alivuta vyuma vya dirisha na vilikuwa vimeshapata moto kama jiko. Siku ya tatu tukaitwa tuchukue vitu. Boksi lake la bati lilikuwa limebaki, kufuli limeshikana na bati, ikabidi tulivunje kwa nyundo. Ndani mlikuwa na sukari kilo mbili aliyobebeshwa na nyanyake, imeyeyuka ikakauka nyeusi kama lami na kijiko kimesimama katikati. Hicho kijiko ninacho mpaka leo.

Sasa Jumapili tumekaa sebuleni, mimi, mama mkwe na yeye. Onyo lilikuwepo, ndiyo, la Kiingereza, herufi ndogo, sekunde nne hivi likapotea. Mama mkwe Kiingereza hasomi na mimi nilikuwa namimina chai. Kushtuka ni usiku, ni bweni, ni watoto wanapiga mlango. Kijana akaweka kikombe chini polepole, akaingiza mikono kwa mifuko ya jaketi, akatoka akakaa kwa ngazi mpaka saa tano. Hakusema neno. Na pale pale watoto wakiwa wanalia kwa skrini, wakakata wakaweka tangazo la magodoro. Magodoro, mhariri! Yeyote aliyeona bweni likiungua anajua ni nini hushika haraka na ule moshi mweusi hutoka wapi.

Na nyinyi wenye kipindi, mmeandika imetokana na matukio ya kweli. Hamkuyataja, lakini sisi tunayajua. Kyanguli hapa kwetu Machakos, Machi 2001, wavulana 67, wengi wamelala kaburi moja hapo hapo shuleni. Moi Girls Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10. Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, watoto 21, na wazazi wakangoja vipimo vya DNA ndio kila mtu ajue wake ni yupi. Mkitoa kidogo huku na kidogo kule mkachanganya, basi hakuna mwenye kuulizwa? Wote hao walikuwa na mama. Na mmechukua nini sasa, mmechukua mtungi wa petroli, inspekta anaupata kwa majani, anamshika kijana mmoja mkorofi, dakika 45 kesi imeisha na muziki unapigwa. Ile kesi ya Moi Girls ilivuka miaka minne ndio hukumu ikatoka 2022, miaka 5 kwa kuua bila kukusudia. Sikatai, aliyewasha ana makosa yake. Lakini Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma, na bweni lenu la TV nililiangalia vizuri, madirisha mapana, hayana hata chuma kimoja, vitanda vimeachana kama vya hospitali ya kulipia, watoto hawazidi ishirini. Yaani kitu chenyewe kilichoua watoto wetu ndicho mlichoacha nje, halafu mtu anaenda kulala akidhani shida ni mtoto mmoja mbaya!

Mwongozo wa usalama wa shule uko tangu 2008, wizara yenyewe iliutoa. Mlango wa bweni uwe futi 5 kwa upana na ufungukie nje, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda mita 1.2. Binti yangu mdogo yuko bweni saa hii, shule nyingine, na term iliyopita nilienda na futi ya fundi nguo nikapima mwenyewe. Kati ya vitanda mguu wangu haupiti ukiwa umevaa kiatu. Nikamuuliza mwalimu mkuu vyuma vya madirisha vitatolewa lini, akaniambia mama, tukitoa wezi watabeba magodoro. Nikarudi nyumbani sina nguvu hata ya kupika. Wakaguzi wakija wanaandikwa kwa kitabu cha wageni, wanapikiwa kuku, wanaenda, na vyuma viko pale pale.

Na hii ya kuchukua misiba ya watu bila hodi si ya kwetu pekee. Mwaka 2022 Netflix walitoa ile ya Jeffrey Dahmer, yule aliyeua watu 17 Marekani, wakaigiza mpaka yale maneno dada ya mmoja wa marehemu alisema kortini 1992, kilio chake na nguo kama aliyovaa. Yule dada akaambia waandishi hakuna aliyempigia simu. Nilivyosoma hiyo nilimuelewa kabisa.

Kwa hivyo naomba hivi, na uchapishe yote usikate. Kabla ya kushuti wenye kipindi waende kwa chifu wa pale moto ulipotokea, wape familia mwezi mzima, barua iwe ya Kiswahili na ya lugha ya nyumbani. Onyo lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, sekunde 20, mtu apate nafasi ya kumtoa mtoto sebuleni. Tangazo lisiwekwe katikati ya moto. Na pesa ya yale matangazo ya Jumapili inunue grainda na kulipa fundi akate vyuma vya shule moja, yoyote, waanze na moja. Fundi ninamjua, yuko hapa Tala karibu na stendi, ana grainda yake na Jumamosi huwa hana kazi.

Mama wa watoto wawili,
Tala, Machakos